Nauza Land Rover 109 ya 1976, iko juu ya mawe: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu niseme pikapu ya marehemu baba inauzwa, simu haitulii. Wengi mnauliza yale yale, na mimi mara nyingi niko shambani, simu naipokea kwa mkono wenye udongo. Nimeyaandika majibu hapa, pamoja na yale ambayo wauzaji huwa wanayameza. Soma mpaka mwisho ndipo upige.

Ni gari gani hasa?

Land Rover Series III, pikapu, chesisi ndefu, ile tunayoiita mia na tisa. Kadi inasema 1976. Injini ni ya petroli, silinda 4, ukubwa wa sisi (cc) 2,286, usukani kulia, kabini ya kukaa watatu wakibanana, na bodi ya nyuma wazi yenye vyuma vya kushikia turubali. Turubali lenyewe lilioza zamani. Rangi ilikuwa kijani. Sasa ni kijani, kijivu cha aluminiamu na wekundu wa udongo wa Karatu, kila moja imejichukulia sehemu yake.

Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, karibu mita 2.77. Ndugu yake mfupi ni 88, mita 2.24 hivi. Series III zilitoka kuanzia 1971 hadi 1985, na 1976 ndio mwaka ambao Land Rover ya milioni moja ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza. Siyo hii. Nalisema hili kwa sababu kuna dalali ameshaanza kuwaambia watu kwamba ndiyo hii.

Kaka, hiyo si ndiyo Difenda ya zamani?

Hapana. Mwaka 1983 ilikuja 110, yenye springi za koili, na jina la Defender lenyewe lilianza kutumika 1990. Hii yangu ina springi za vyuma bapa vilivyolaliana, kama za mkokoteni wa punda, na ukipita kwenye makorongo mgongo wako utakumbuka. Anayekuuzia 109 kwa jina la Difenda anataka pia bei ya Difenda.

Inawaka?

Haiwaki. Baba aliiegesha chini ya mparachichi mwaka 2011, akaiweka juu ya mawe ili tairi zisioze, na tairi zikaoza vile vile.

Basi injini imejamu?

Ilikuwa imejamu. Mwezi wa tatu mimi na fundi wangu tulifungua plagi zote nne, tukamimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, tukafunika matundu kwa vitambaa tukaiacha wiki nzima. Bampa la mbele la gari hizi lina tundu la kupitishia hendeli, na baba alikuwa ameitunza hendeli yake nyuma ya kiti kama mtu anavyotunza panga la kurithi. Siku ya kwanza tuliining'inia wawili haikutikisika. Tukaongeza dizeli. Siku ya nne ilisogea kama upana wa kidole, ikatoa sauti ya mzee anayeinuka kitini. Leo inazunguka mzunguko mzima kwa mkono mmoja.

Ukiziba tundu la plagi kwa kidole gumba huku mwenzio anazungusha, silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zinakisukuma kidole mpaka kinatoka. Ya tatu inapumua tu. Inaweza kuwa valvu iliyokaa wazi kwa kutu, inaweza kuwa ringi zimeshikana. Silinda hedi haijafunguliwa, kwa hiyo piga hesabu ya kuifungua.

Kwa nini msiiwashe tu hata dakika mbili, mtutumie video?

Hili naulizwa kuliko yote, na kuna bwana amenikasirikia kwa ajili yake. Tangi lina petroli ya miaka hiyo, imegeuka gundi, inanuka kama rangi iliyoharibika. Oili ya injini ni ile ile. Kwenye kabureta nilikuta manyigu wamejenga nyumba tatu za udongo, na nyumba ya nyigu ikivutwa ndani ya silinda ni mchanga. Naweza kuninginiza chupa ya petroli, kuunga betri na kupiga stata, na huenda ikakohoa ikawaka. Mimi nitapata video, wewe utapata silinda zenye mikwaruzo. Ni injini ngumu, haina makuu, na nisingependa iharibike katika wiki yake ya mwisho kwetu kwa ajili ya maonyesho.

Mbona hukuipiga rangi kwanza ili ipate bei?

Mwaka 2008 nilinunua pikapu kama hii kwa bwana mmoja mjini. Ilikuwa inang'aa mpaka unajiona. Kijani kipya, rimu nyeupe, chesisi nyeusi ti. Nikalipa bila kuuliza, nikajiona mjanja. Masika ya kwanza yalipokuja, rangi ya boriti ya nyuma ya chesisi ilianza kubanduka kama ganda la yai. Nikachokonoa na bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikapanua tundu, nikaona kitu cheupe, nikavuta: gazeti. Lilikuwa limekunjwa vizuri, likashindiliwa mahali ambapo chuma kilikuwa kimeliwa, likapigwa puti, likapigwa msasa, likapakwa rangi nyeusi. Kurasa za michezo. Niliweza kusoma matokeo ya mechi. Na mimi kwa miezi minne nilikuwa nimebeba mahindi magunia kumi kumi juu ya karatasi.

Ndiyo maana hii naiuza ikiwa uchi. Mtu anayenunua gari la kurudisha katika hali yake hanunui mng'ao, ananunua uhakika wa kilichopo na kilichokwisha. Kutu anayoiona anaipigia hesabu kabla ya kutoa pesa. Iliyofichwa ataijua akiwa ameshalipa, na hapo ndipo ugomvi wa kijiji unapoanza.

Halafu fikiria kazi yenyewe. Ukitaka kuitengeneza hii ipasavyo, bodi lazima itoke juu ya chesisi. Rangi ambayo ningeipiga mimi ungeikwangua yote mwezi wa kwanza. Ungekuwa umenilipa kwa kazi ya kuitupa.

Na kuna wanaotaka rangi ya zamani ibaki. Baba aliinunua 1989 kwa misheni moja upande wa Mbulu, na kwenye mlango wa kushoto, pale kijani kilipochakaa, bado zinasomeka herufi nne za jina la misheni, zimechorwa kwa brashi na mkono uliotulia. Ningezifuta kwa kopo moja la rangi. Nimezifunika kwa gunia zisipigwe na jua.

Chesisi ikoje? Sema ukweli.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo gari lilipo. Vingine vyote hufungwa na kufunguliwa kwa spana.

Chesisi ya 109 ni boksi la chuma, bapa nne zilizounganishwa kwa kuchomelewa, ndani tupu. Udongo huingia na maji, maji hukauka, udongo hubaki. Udongo wetu ukishashika unyevu hauachii. Kwa hiyo chesisi hizi huliwa kutoka ndani kuja nje, na siku unapoona kijitundu kwa nje, ndani pameshakuwa pango. Chukua nyundo ndogo, tembea nayo kutoka mbele hadi nyuma ukigonga kila shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu puu, kama debe lenye unga.

Yangu nimeigonga yote na kuweka alama za chaki. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia trela, imekwisha. Usihesabu kuiziba, kata yote uweke mpya. Mikono miwili inayotoka pembeni kushika kabini, wa kulia ni mbovu na wa kushoto unafaa kwa kuongezewa kipande. Juu ya tangi la petroli kuna sehemu ya urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole, ambayo sauti yake siipendi. Sikuweza kuingiza bisibisi, lakini siipendi. Mbele, kwenye vishikio vya springi, ni chuma kizuri, na nadhani ni kwa sababu injini imekuwa ikivuja oili huko miaka yote. Kuvuja kwa Land Rover kuna faida yake.

Fundi mzuri wa kuchomelea ataiokoa. Kama una fedha za kutosha, Uingereza kuna viwanda vinavyotengeneza chesisi mpya za gari hizi, tena zilizochovywa kwenye zinki. Lakini hapo unaingia kwenye swali la namba, nalo nitalijibu chini.

Si mnasema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa ni aluminiamu?

Bodi ni aluminiamu, kweli. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na aluminiamu ilikuwepo. Ndiyo asili yake. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na kabini ni chuma pia, ule unaobeba bawaba za milango na mahali pa kuweka miguu. Wa kwangu una tundu upande wa dereva ambalo ukikaa unaona kuku wakipita.

Na hata aluminiamu ina ugonjwa wake. Panapogusana na chuma, maji yenye chumvi au tope yakikaa katikati, aluminiamu huliwa, inatoa unga mweupe. Tazama chini ya milango na kwenye kingo za bodi ya nyuma. Kipo hicho kiunga. Siyo cha kutisha, ila usije ukaniambia sikukuambia.

Giaboksi na difu vinafanya kazi?

Gia zote nne na ya nyuma zinaingia gari likiwa limesimama, zaidi ya hapo sina ushahidi. Ninachokumbuka ni kwamba miaka ya mwisho gia ya tatu ilikuwa inaruka ukiachia mafuta kwenye mteremko, na baba alikuwa anaishikilia kwa goti. Kitasa cha manjano cha fowili kinashuka. Kile chekundu, cha gia za chini, kinarudi nyuma vizuri kabisa, na ndicho kilichokuwa kinatupandisha ukuta wa bonde pale Mto wa Mbu kabla ya lami, tukiwa na magunia, mbuzi, na mara moja mama mjamzito ambaye hakufika hospitali. Mtoto alizaliwa bodini, sasa ni mwalimu.

Ekseli ya nyuma ni ile nene, aina ya Salisbury, yenye kifuniko cha duara mgongoni. Hiyo ni habari njema, maana zile nyembamba shafti zake zilikuwa zinakatika ukizidisha mzigo. Mbele, yale matufe ya kromu yanayozunguka unapokata kona yameliwa na kutu vishimo vishimo, kwa hiyo oili haikai. Utahitaji mapya.

Breki hakuna. Pedali inakwenda mpaka chini kama imesusa. Ukifungua madiramu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa, maana brekishuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lowanisha kwanza kwa maji. Mafundi wengi hawalijali hili na mimi sichoki kulisema.

Nini kimekosekana?

Betri, rejeta (iliuzwa, nisiulize na nani), taa ya kulia, vioo vyote viwili vya pembeni, kifuniko cha tangi na kiti cha katikati. Waya zimetafunwa na panya, weka waya mpya tu usihangaike kuunga. Tairi ya akiba ipo juu ya boneti, haina upepo. Mwaka juzi kuku alitotoa kwenye kiti cha dereva vifaranga tisa.

Karatasi zipo? Gari la marehemu si lina kesi?

Swali zuri, na wauzaji wengi wa magari ya urithi hulikimbia. Kadi ya gari ni halisi na ipo, ina jina la baba. Kwa kuwa baba hayupo, hakuna mtoto wala mjane mwenye haki ya kuliuza kwa kusema tu "ni la baba yangu". Tulikaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Barua ya mahakama ninayo na utapata nakala. Mkataba wa mauziano nitausaini mimi kama msimamizi, mama na ndugu zangu wawili watakuwa mashahidi. Baada ya hapo unakwenda TRA na kadi, mkataba, barua ya mirathi, kitambulisho na namba ya mlipa kodi, unahamisha umiliki. Ada za uhamisho na ushuru wa stempu ni juu yako.

Wengine mnaogopa deni la leseni ya mwaka ya barabara. Ada ile ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hata hivyo, kabla hujalipa, peleka namba ya usajili TRA uhakikishe kwa macho yako. Sitachukia.

Kuhusu namba ya chesisi: kibati kilichopo ndani ya kabini kinasomeka, lakini kibati hufungwa kwa ribiti na chochote cha ribiti kinahamishika. Namba ya kuamini ni ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Nililala chini na brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa. Mwanzo hakuna kitu, ni ganda la oili na tope gumu kama lami. Baada ya kusugua kama nusu saa ikatokea tarakimu moja, halafu mkia wa nyingine, mwishoni ile herufi ya mwisho. Zote zinalingana na kadi. Namba ya injini nayo inalingana. Kwa gari la umri huu hilo ni jambo kubwa kuliko rangi yoyote. Ndiyo sababu nakushauri utengeneze chesisi hii badala ya kuitupa. Ukileta mpya bila kupitia polisi na TRA, utakuwa na gari zuri ambalo karatasi zake zinalikana.

Bei ya mwisho ngapi?

Nataka milioni 6 na nusu. Maongezi yapo kidogo, ila yanafanyika hapa, ukiwa umeshalala chini ya gari ukatoka na vumbi mgongoni. Hayafanyiki kwa simu. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kuna watu wanadhani kila bati lenye jina hilo ni dhahabu, na kuna wengine wanadhani mwenye gari bovu ana njaa. Sote tutulie.

Madalali: mnakaribishwa kama wageni. Cha juu chako kitafute kwa mnunuzi, naye akijua. Nikisikia umeitangaza kwa milioni 11, nitamwambia mteja wako bei yangu mbele yako.

Arubuni nachukua, kwa maandishi, na nalishikilia gari siku 14. Ukighairi nakurudishia nusu.

Naweza kubadilishana na bodaboda mbili?

Hapana.

Mimi nanunua vyuma chakavu. Kwa kilo?

Kijana wangu, wewe ndiye umenifanya niharakishe kuuza. Najua soko lako: chuma kinakwenda kuyeyushwa, aluminiamu inakwenda kwa watu wa sufuria. Hapa jirani 109 mbili zimeshaishia jikoni kwa watu namna hiyo. Sina ubaya na sufuria. Ila hii itaondoka ikiwa gari.

Kuitengeneza kutanigharimu kiasi gani?

Inategemea unataka gari la shamba au gari la harusi. Sitakutajia jumla, maana anayetaja jumla kabla ya kufungua silinda hedi anakubahatishia. Ila naweza kukuambia mpangilio, kwa sababu nimeona miradi mingi ikifia njiani, na karibu yote imekufa kwa kuanza mwisho. Mtu ananunua rimu, anashona viti, anapiga rangi, halafu anagundua chesisi imekatika. Anza na chesisi na ule ukuta wa chuma. Ukivimaliza hivyo viwili, umevuka mto. Fuata ekseli, breki na usukani ili gari liweze kusukumwa na kusimama. Ndipo injini. Waya. Bodi. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na kama fedha imeisha hapo, endesha hivyo hivyo bila rangi, aluminiamu itavumilia.

Kila boliti utakayofungua, itie kwenye mfuko wenye karatasi ya jina. Na piga picha kabla ya kufungua. Fundi anayekuambia "nakumbuka" miezi minane baadaye hakumbuki.

Ukifungua silinda hedi, waambie wa mashine wakuwekee siti ngumu za valvu za eksozi. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyokuwa yanazilinda siti hizo, na petroli hiyo iliondoka kwetu kufikia mwanzo wa 2006.

Nikiweka injini ya Toyota ya dizeli?

Gari ukishalinunua ni lako. Wengi wamefanya hivyo na wanabeba mzigo kila siku. Utalazimika kukata vishikio, kutafuta bapa la kuunganisha na giaboksi, na kubadilisha taarifa za injini kwenye kadi, la sivyo utasimamishwa kila kituo. Mimi naona huzuni, lakini hiyo ni hisia yangu na haimo kwenye mkataba. Kama mpango wako ndio huo, niachie injini ya zamani, tutapunguza bei.

Spea bado zipo?

Zipo kuliko za magari mengi ya 2005. Arusha kuna mafundi waliokula chumvi na mia na tisa, waulizie Unga Limited. Dar tafuta Gerezani, Kariakoo. Nairobi ni Kirinyaga Road, na Kenya ina akiba yake kwa kuwa Land Rover ziliunganishwa pale Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Cha kuangalia ni ubora: mipira ya breki ya bei chee huvimba ndani ya miezi. Ukipata spea kuukuu ya asili iliyo nzima, ichukue kabla ya mpya isiyo na jina.

Niko Marekani, nataka niichukue huku. Inawezekana?

Inawezekana, ndugu yangu. Kule gari lililofikisha miaka 25 limesamehewa masharti ya usalama ya magari mapya, na la miaka 21 lenye injini yake ya asili limesamehewa ya moshi. Hii imepita yote. Huku lazima lifutiwe usajili TRA kabla ya kupanda meli, na lioshwe tope lote, hata la ndani ya chesisi, kwa sababu bandari za wenzetu haziupendi udongo wetu. Tuma ndugu yako aje kuliona. Usitume pesa kwa sauti ya simu, hata ikiwa ni yangu.

Nitaibebaje?

Ni karibu tani moja na nusu. Fuso inatosha. Nyuma ya boma letu kuna tuta ambalo baba alilichimba kwa ajili ya kupakia ng'ombe. Fuso inarudi kinyumenyume mpaka bodi inalingana na udongo, tunaweka mbao mbili za mkaratusi, vijana sita wanasukuma. Tumeshajaribu na trekta. Nitaazima tairi nne zenye upepo ili gari lizunguke, na hizo tairi zitarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, msiondoke nazo. Chakula cha vijana ni juu ya mnunuzi.

Kuivuta kwa kamba mpaka Arusha, kilomita zaidi ya 130, tena bila breki na kuna ule mteremko wa Mto wa Mbu, sahau.

Kwa nini unaiuza kama unaipenda hivyo?

Kwa sababu kuipenda hakujaitoa juu ya mawe. Kila mwaka nimesema mwakani. Mimi nina watoto wawili sekondari na shamba linalotaka mbolea, na mdogo wangu alishahamia Mwanza. Mama ndiye aliyesema. Alikuwa anatoa kuku kwenye kabini jioni moja, akaniambia, "Mwanangu, baba yako aliipaki, hakuizika."

Nije lini?

Asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Kama mvua imenyesha usiku, acha gari lako barabarani utembee dakika kumi, kile kipande cha mwisho kinateleza. Vaa nguo za kulalia chini. Njoo na fundi wako unayemwamini, bisibisi, na tochi ya kumulika ndani ya chesisi kupitia matundu. Usimwamini fundi wangu, ni rafiki yangu. Chai utaikuta. Nyundo ninayo, na chaki bado ipo.